Bafuni kwa Mama Mkwe

Floribert alikuwa amesimama bafuni kwa mama mkwe wake, amefumba macho, na hakujua alie au akimbie.

Kukimbia hakukuwezekana. Akikimbia leo, Plamedie anaolewa na yule mhandisi wa mgodi ambaye baba wa binti hachoki kumsifu kila Jumapili baada ya misa. Na Floribert alimpenda Plamedie mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Leo ilikuwa siku yake ya kuonwa. Kwa akina Plamedie mambo bado ni ya zamani: kijana anakuja peke yake kwanza, wazee wanamtazama hatua kwa hatua, ndipo wanaamua kama kuna harusi au hakuna. Binti anafungiwa chumbani mpaka aitwe. Mjomba wake, Kasonde, alikuwa amempa maagizo tangu juzi.

"Usiseme neno. Usimuangarie mama mukwe ku macho. Bakikupa kazi, fanya. Shiye zamani tulilima shamba. Leo sijue batakupa nini."

Floribert, mwanafunzi wa sheria kule chuoni Kasapa, alikuwa amejiandaa kwa jembe. Loo, jembe lingekuwa nafuu!

Alifika mtaa wa Hewa Bora mbio mbio, amevaa suti ya kuazima. Geti la buluu, ndivyo Plamedie alivyomwelekeza, na watu wa mtaa ule wanapenda buluu, jamani. Likafunguliwa hata kabla hajabisha. Akainamisha uso palepale. Alichoona ni miguu tu: ndala za kijani, kucha nyekundu.

"Njo wewe?" sauti ya mama iliuliza.

Akaitika kwa kichwa.

"Ah, mulichelewa! Tunakungojea tangu asubui. Ingia. Maji iko baridi siku tatu. Jana nilioga nikalia."

Hakupelekwa sebuleni. Hakupewa kiti wala maji ya kunywa. Alipelekwa moja kwa moja bafuni. Bafuni! Mkwe mwenye adabu akimwona mama mkwe njiani anavuka upande wa pili, seuze kuingia anakoogea. Na kwenye kamba palikuwa pameanikwa vitu ambavyo Floribert aliviona kwa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ataijutia maisha yake yote. Ndipo alipofumba macho.

"Juu ya nini unafunga macho?"

Akayafumba zaidi. Huu ulikuwa mtihani, alijua, na yeye hakuja kushindwa.

"Chauffe-eau njo ile pa ukuta. Inawaka rouge, inazima. Angaria."

Akageukia ukuta, akafumbua jicho moja. Kilikuwa kisanduku cheupe kisicho na tangi. Maji yanapita ndani na kutoka ya moto papo hapo, umeme ukipenda. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima. Pembeni palibandikwa karatasi ya maelekezo, na Floribert akaisoma kama anavyosoma sheria, kifungu kwa kifungu. Zima umeme kwenye swichi kuu. Hesabu mpaka sitini. Fungua bomba, hewa itoke. Washa tena. Bonyeza kitufe mpaka kilie.

Kikalia. Maji yakatoka, baridi ya mwezi wa sita.

Akarudia. Baridi. Akarudia tena, safari hii akimwomba na Bikira Maria. Baridi.

"Ule wa kwanza alifinya vile vile," mama alisema nyuma yake. "Alishindwa, nikamufukuza."

Moyo ukampasuka Floribert. Wa kwanza! Kumbe ameshakuja mwingine, na Plamedie hakumwambia! Wivu ukampa akili. Akatazama bomba vizuri: maji yalikuwa yanatiririka kwa uvivu, kama uzi. Kwenye karatasi, mchoro wa mwisho ulionyesha chujio dogo pale maji yanapoingilia. Akashika nati, akaifungua kwa nguvu zake zote.

Alisahau kufunga maji.

Yalimpiga usoni, yakaingia kwenye suti, yakashuka mpaka soksi. Alitaka kupiga kelele, akakumbuka maagizo, akabaki amefungua mdomo bila sauti kama samaki. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Floribert akafarijika kidogo. Mama mkwe anayecheka vile hawezi kukukataa.

Akafunga maji. Akatoa chujio, limejaa mchanga mwekundu, akalisuuza, akalirudisha, akafungua maji, akabonyeza kitufe. Kikalia. Taa ikawa ya kijani. Mvuke ukaanza kupanda.

Mama akaingiza mkono.

"Aii! Inaunguza! Kijana, weye uko mukali! Ata bwana yangu atakupenda!"

Basi Floribert machozi yakamtoka. Suti inachuruzika, akapiga magoti kwenye vigae, akainamisha kichwa, akapiga makofi mawili ya heshima kama alivyofundishwa na mjomba.

"Eh, simama! Unapiga magoti ya nini?" mama alishangaa. "Ambia patron yako, siku ingine atume weye tu, fundi."

Simu ikatetemeka kwenye mfuko uliolowa. Ulikuwa ujumbe wa Plamedie.

"Chéri, balikubali!!! Mama anasema ajaonaka mukwe wa adabu vile: unakuya na sanduku yako ya kazi, hausemi kitu, unakula kuku muzima bila kuinua kichwa. Na papa alipokuuliza kama unanipenda kweli, uliitika mara mbili! Sasa bananiita ku salon. Ninakuya kukuona."