Joka la Miguu Mitano

Joka liliruka likiwa na miguu minne, likatua na mitano. Watu ukumbini walikuwa wameshachoka hata kushangaa.

Kwenye kiti cha nyuma kabisa, Brashi alijikunyata, kofia ameishusha mpaka puani. Jina hilo alipewa baada ya filamu ya kwanza, watu walipotoka sinema wakifuta machozi. Joka lile, jamani! Magamba unatamani kuyagusa, na macho ya huzuni hata akina mama wakaliombea dua. Mchoraji gani huyu, wakasema. Brashi akapewa ofisi yenye zulia, na kichwa kikamvimba kwelikweli.

Sasa ndiyo hii ya pili. Joka gani hili, kama mjusi aliyekanyagwa na baiskeli? Mtoto mmoja mbele akaangua kilio.

"Mama, joka letu wamelifanya nini?"

"Nyamaza mwanangu. Hata mimi silijui hili."

Kesho yake Bosi hakumpa hata kiti.

"Brashi, niambie ukweli. Ulikuwa unalewa?"

"Hapana, bosi."

"Afadhali ungekuwa unalewa, ungeacha! Sikiliza. Ya tatu tunaanza Jumatatu. Joka la zamani lisiporudi, nafunga studio, mnakwenda nyumbani wote. Na dada yangu pale mapokezi akikosa kazi, anahamia kwangu. Umenielewa?"

Brashi alielewa. Akapita katikati ya wenzake waliokaa mezani, hakuna aliyemtazama usoni. Alijua pa kwenda, ila aliona aibu. Akanunua gunia la mkaa, akalibeba mwenyewe mgongoni mpaka kwenye ghala kuukuu nyuma ya reli. Akabisha hodi, akasukuma mlango mdogo. Joto la mle ndani lilikuwa la kutoa jasho.

"Nani?" sauti nzito iliuliza kutoka gizani.

"Mimi, Mzee. Shikamoo."

 Amkia mtu mzima asikuitikie, uone inavyouma.

"Leo unanijua?" Mzee alisema. "Si ulisema mimi wa nini, kazi unaiweza peke yako?"

"Nilisema, Mzee. Nilikuwa mjinga."

"Filamu ya kwanza inaisha, majina yanapanda, hata mpika chai yumo. Mimi simo! Watu wanashangilia kazi yangu, wewe ndiye unasimama kuwapungia mkono. Na huo mkaa wa nini, unanihonga?"

"Zawadi tu, Mzee."

"Weka hapo."

Brashi akautua, akapiga magoti vumbini, na machozi yakamtoka. Hakuwa anaigiza. "Nisamehe, Mzee wangu. Nimewaponza watu wote wa studio, na hawana kosa."

Mzee alimwacha alie kidogo.

"Marahaba," akaitikia mwishowe. "Lakini miguu mitano, Brashi? Mitano?"

"Nilipitiwa."

Kicheko kikanguruma gizani mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Brashi naye akacheka, kamasi zikimtoka.

"Jina langu litaandikwa?"

"La kwanza kabisa, kwa herufi kubwa."

"Na Bosi ataambiwa kwamba wewe hujui kuchora hata yai?"

 Hapo Brashi akaiona ofisi yake, zulia lake, na mkewe anavyomsifu kwa majirani. Kisha akawakumbuka wenzake pale mezani.

"Nitamwambia mwenyewe, leo hii hii."

"Haya, fungua mlango mkubwa, kamera uiweke penye mwanga kama siku ile," Mzee akasema, akaanza kutoka kinyumenyume, mkia ukitangulia, mabawa yakikwaruza kuta za pande zote mbili.