Ushanga wa Kulengea

Jesse alikuwa ameshaung'oa ule ushanga mkuukuu wa kulengea kwenye ncha ya mtutu wa bunduki ya baba yake. Mpya, mweupe, mkubwa kama punje ya mtama, alikuwa bado ameushika kiganjani.

Baba yake hakungoja. Aliichukua bunduki mezani, akavuta chini wenzo wa kupakia risasi na kuurudisha, akalenga mgomba wa mwisho kihambani, shambani pale nyumbani.

"Hapo sasa," mzee akasema. "Mweupe kabisa. Ule wa zamani ulikuwa unanitesa. Kesho nashuka shambani Kahe, wale nguruwe pori watayaacha mahindi yetu."

"Unauona vizuri, baba?"

"Nauona waziwazi."

Jesse akafumba kiganja. Ushanga ule mpya ukamfinya kidogo.

"Ushanga bado unacheza, haujakaza, baba," akasema, akiipokea bunduki. "Niachie nikae nayo mpaka mavuno yapite."