Muuaji wa Pasaka

Siku ya tatu theluji ilifika madirishani, mlango wa kibanda cha mlimani ukagoma kufunguka, na Eirik alikuwa bado ukurasa wa arobaini na sita.

Kitabu kilikuwa na kurasa mia sita na kumi na mbili. Eirik, fundi wa matrekta, hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko maelekezo ya pampu. Lakini Pasaka kwa Wanorwe ni msimu wa hadithi za mauaji, na mwaka ule wa 1957 mwenyeji wake, mzee Halvdan, alikuwa na sharti lake: anayetaka binti yake akisome kitabu kile, na Jumapili, mbele ya nyama ya kondoo, amtaje muuaji. Akishindwa, hakuna harusi.

"Baba hatanii, mpenzi," Ingvild alimnong'oneza, akimmenyea chungwa. "Soma."

Akasoma. Maiti iliopolewa ziwani, wakaja mapolisi wanne wenye majina yanayofanana, akaja daktari mlevi, na usingizi ukampiga. Alipoamka akarudia ukurasa uleule. Angekuwa na njia angetoroka, lakini hata ski zake za kutelezea thelujini zilikuwa zimefukiwa huko nje.

Akawabembeleza waume wa dada zake Ingvild. "Jamani, nidokezeni kidogo tu."

"Thubutu!" Asbjørn alicheka. "Nikuharibie utamu? Ule mwisho, weee! Mimi nililia."

"Sote tulipita hapo, shemeji," alisema Kåre, macho kwenye karata zake. "Komaa."

Jumapili ikafika. Eirik alikuwa ukurasa wa hamsini na nane. Ingvild akamshika mkono kwa nguvu.

"Haya, kijana," mzee akasema. "Muuaji nani?"

Liwalo na liwe. "Daktari."

Mzee alimkazia macho. Kisha akainuka, akamkumbatia hadi mbavu zikauma. "Karibu kwenye ukoo, mwanangu! Daktari hasa!"

Asbjørn alipiga meza kwa shangwe. Kåre akaapa kwamba daktari yule alimshuku tangu mwanzo.

Eirik nusura alie kwa furaha. Wenzake walipoinuka kwenda kunywa kahawa, akakichukua kitabu apekue mwisho, ajue daktari aliua vipi.

Kurasa hazikufunguka. Kuanzia ya sitini na tano hadi ya mwisho zilikuwa bado zimeungana kingo, vile vile zilivyotoka kiwandani, zikimsubiri msomaji wa kwanza azikate kwa kisu.