Mstahiki Sana

"Lifute hilo neno," Mchungaji Desmond alimwambia fundi aliyekuwa juu ya ngazi.

Trevor hakugeuka. Alikuwa akipaka rangi ya dhahabu kwenye ubao wa wakuu wa Kanisa Kuu la Wexcombe, majina ya karne nne na ushee. "Neno lipi tena, Mchungaji?"

"Hilo 'Sana'."

Uingereza nzima mchungaji huandikwa Mstahiki, basi. Mkuu wa kanisa kuu ndiye huandikwa Mstahiki Sana, na kwa kineno hicho watu wazima wamenuniana mpaka kaburini. Desmond alikuwa na Mstahiki yake kavu miaka thelathini. Kiti hiki alikiomba, na wakampa Hilary.

"Sana kuliko nani?" akafoka. "Mtu akistahili, anastahili. Kizuri chajiuza! Hapa wanavishana vilemba vya ukoka tu."

"Kumbe mnajuana?"

"Namjua nje ndani. Tumesoma chuo kimoja. Mahubiri yake ya kwanza nilimsahihishia mimi. Na anakoroma, huyo mstahiki wenu, mpaka vioo vinalia!"

Trevor akacheka, brashi ikayumba. "Watu watasema una wivu."

"Wivu? Mimi?" Wivu ulikuwa umemganda tangu Pasaka, Hilary alipotangazwa.

Alasiri hiyo, kama ilivyo desturi, kila mchungaji wa dayosisi angepita mbele ya mkuu mpya, ainame, na kumwita kwa cheo chake chote, askofu akisikia. Desmond alikuwa ameapa, na Trevor alishasikia. Kuinama angeinama, mgongo haumgharimu kitu. Lakini neno lile lisingetoka kinywani mwake.

"Na mama mchungaji anakuja kutazama?" Trevor akauliza.

"Mke wangu ana shughuli zake leo."

"Kwa hiyo kweli hutamwita kwa cheo chake?"

"Wanikate ulimi kwanza."

Mlango wa chumba cha kuvalia ukafunguka. Hilary akachungulia, joho jipya likimning'inia begani.

"Desmond, mume wangu, mwache fundi wa watu afanye kazi. Njoo unifunge hiki kifungo, askofu ameshafika."

Desmond akautazama ubao.

"Nakuja, Mstahiki Sana."