Filamu za Crane, Kuanzia Bora Hadi Mbovu

Wilfred Oakshott aliichomoa filamu ya treni ya barafuni kutoka nafasi ya nne, akaipachika ya tisa katika rundo la makasha.

"Mzee, unaionea!" Dominic alilalamika. "Lile pigano la juu ya behewa unalipeleka wapi?"

"Pigano zuri. Lakini jasusi kaja asubuhi, jioni kaondoka. Huo ni ujasusi au ni kugawa maziwa?"

Dominic alicheka, akakata pai ya nyama. Alikuwa jirani mwema. Tangu ahamie nyumba ya pili mwaka jana, hakukosa Jumapili hata moja. Kabla yake, tangu Maureen, mke wa Wilfred, afariki, mlango ule uligongwa na mtu wa posta tu, naye kwa kukosea nyumba. Sasa wawili hao walikuwa wakizirudia filamu zote za jasusi Crane na kuzipanga kwa ubora. Dominic alikuja na pai, na kalamu nene mfukoni ambayo hakuwahi kuiandikia.

"Kule ulikofanya kazi, kwenye karakana ya nyambizi," alisema, kana kwamba wazo limemjia tu, "mliruhusiwa kurudi na michoro nyumbani?"

Wilfred alikoroga chai polepole. "Mengine nitazikwa nayo, kijana."

Dominic aliacha kutafuna. Akaiweka kalamu sawa.

"Na wageni? Hupati wageni kutoka ng'ambo?"

"Weka filamu."

Ilikuwa ya mwisho katika mfululizo. Crane alilipuka pamoja na kisiwa kizima. Wilfred aliipa nafasi ya pili, kisha ya sita, kisha akasema hawezi kuamua mpaka warudie ile ya jangwani, na pengine zote.

Dominic aliinamisha macho.

"Nahama Ijumaa, mzee. Kazini wananipeleka Leeds."

"Kwenye kazi yako ile ya bima?"

"Ndiyo. Kwenye bima. Wanasema mtaa huu hauna biashara."

"Ungewaambia wasubiri kidogo."

"Nimewaambia, mzee. Mara tatu."

Mlangoni walipeana mikono. Dominic alifika kwenye geti, akageuka, akarudi kumkumbatia mzee kwa nguvu, kisha akaondoka.

Wilfred aliosha vikombe viwili, akavipangusa, akavirudisha kabatini.

Jumamosi, siku moja baada ya gari la mizigo la Dominic kuondoka, alivaa koti akatembea hadi kibanda cha simu karibu na gati. Akapiga namba ya watu wa usalama, akafunika simu kwa leso.

"Ni mimi, niliyewapigia mwaka jana kuhusu yule mzee Oakshott," alisema kwa sauti ya puani. "Mtu wenu kaondoka mapema mno. Yule ni jasusi, nawaapia. Safari hii mleteni mtu asiye na haraka, na awe anapenda filamu."