Taswira ya Nasra Mezani

Bingwa wa gofu ya wanawake aliposhinda, taswira yake ya mwanga iliingia mezani wakati wa chakula cha jioni katika kila nyumba ya mashabiki. Leo bingwa alikuwa Nasra; taswira yake iliketi mezani kwao Moshi, iking'aa, na mama akamwekea firigisi.

"Mama, huyo hali," alisema Tunu, dada mkubwa wa Nasra. "Na kuku nimempika mimi."

"Acha wivu, Tunu. Mdogo wako anapendwa dunia nzima."

"Mama, nimekukumbuka sana," taswira ilisema.

Nyuma ya ukuta, kwa jirani, sauti ileile ilisema, "Mama, nimekukumbuka sana."

Mama akafuta machozi. "Umemsikia? Hajanisahau."

Tunu, ambaye hakuwahi kuhama nyumbani, alimwongezea mama mchuzi, akasimama pale akingoja atazamwe.