Mama Mkwe Anataka Gari

"Mimi, Kalicha, baba wa Guyo, ofisa wa mifugo katika wilaya hii, natangaza rasmi kwamba sisi tutaizunguka Uingereza yote kwa treni!"

Tangazo hilo lilipokelewa na viti vitatu, redio isiyo na betri, na mkewe Dahabo, ambaye alikuwa akichambua mchele.

"Sawa, Baba Guyo," Dahabo alisema bila kuinua kichwa. "Ngoja nimuulize Mama."

Kalicha akaketi. Uofisa wote ulimtoka.

Jumamosi iliyopita alirudi kutoka kazini akaambiwa kwamba mama mkwe amefika kutoka Rapsu, na kwamba amepewa kile chumba cha nyuma kando ya jiko. Tangu hapo hakuonja raha katika nyumba yake mwenyewe, hapo Kiwanjani. Mila ni mila. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, hazungumzi naye ana kwa ana. Na mama mkwe akituma neno, halikataliwi. Bahati mbaya, choo kilikuwa nyuma ya jiko. Kila Kalicha alipokwenda huko alikohoa kwa nguvu ili mama wa watu ajisitiri, kisha akapita ameelekeza uso ukutani kama mwizi. Alikohoa hivyo wiki nzima, mpaka Kahin mwenye duka akamletea dawa ya kifua.

Safari yenyewe ilikuwa ya heri. Mzungu mmoja, daktari wa mifugo aliyefanya kazi na Kalicha miaka mingi, alikuwa amewaalika kwao Uingereza, wao wawili na mama mkwe, kwa likizo ya wiki mbili. Mama mkwe ndiye aliyemnywesha maziwa ya ngamia alipozidiwa na malaria karibu na Kinna, na mtu huyo hakusahau. Ndege alishalipia. Wao walibakiwa na jambo moja tu: wakifika, watembee kwa treni au kwa gari la kukodi? Ofisi ya safari kule Nairobi ilitaka jibu leo kabla ya kufunga, kwa sababu pasi za treni za watalii hununuliwa kabla ya mtu kuondoka.

Kwa Kalicha, treni ndiyo heshima. Treni ina mabehewa. Dahabo na mama yake wangekaa la nyuma, yeye la mbele, na Uingereza ingepita dirishani bila mtu kukosa adabu. Lakini gari dogo? Mama mkwe ampumulie kisogoni wiki mbili?

Dahabo alirudi kutoka nyuma.

"Mama anasema hapana."

"Hapana nini?"

"Treni. Anasema treni haingoji mtu. Ukiona mbuzi wazuri njiani huwezi kuiambia simama."

"Mwambie hatuendi kununua mbuzi!"

Akaenda. Akarudi.

"Anasema wewe umeendesha Land Rover ya serikali mpaka Moyale. Uingereza kuna barabara gani ya kukushinda?"

"Mwambie kuna ukungu."

"Hilo nilimwambia. Anasema utawasha taa."

Kalicha alipiga kofi mkono wa kiti. "Na wewe mwenyewe, Mama Guyo, unasema nini?"

"Mimi? Mimi nilikuambia mwezi uliopita kwamba nataka gari. Ukasema wanawake hawajui mambo ya barabara."

"Na kweli hamjui."

"Haya. Nimpelekee Mama maneno hayo?"

"Usithubutu!"

Dahabo alibeba chai na chapati akaenda nyuma. Safari hii alikawia. Aliporudi sahani ilikuwa tupu, naye alikuwa akijifuta midomo.

"Mama anasema gari liwe jekundu."

"Jekundu!"

"Na liwe na kaseti."

"Mama yako amejulia wapi habari za kaseti?"

"Mama si mjinga, Baba Guyo. Halafu anasema mimi nikae mbele, nikusomee ramani. Yeye atajifunika shuka huko nyuma, hutajua kama yupo."

Kalicha alitazama saa, akatazama dari, akavaa koti lake. Alitembea mpaka dukani akipiga mawe teke.

"Salaam aleikum, ofisa," alisema Kahin. "Kifua kinaendeleaje?"

"Aleikum salaam. Wacha kifua. Nipe simu."

Laini ya Nairobi ilikuwa mbaya, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia. "Gari! Ndio, gari! Pasi za treni futeni! Jekundu! Nimesema jekundu! Na kaseti!"

Kahin alishika tumbo kwa kicheko. "Kalicha, na hizo mvi zako, siku hizi unataka muziki?"

"Si mimi. Ni mama mkwe."

Kahin akaacha kucheka mara moja, kwa heshima.

Kalicha alifika nyumbani na kukuta lori la vitunguu limesimama langoni. Mwanamke mzee alikuwa akisaidiwa kushuka. Kalicha aliitambua sauti kabla ya sura. Akavuta koti likamfunika kichwa, akageukia ua wa miti, akaganda hapo.

"Dahabo, mwanangu!" mwanamke huyo aliita. "Wiki nzima mto umefurika, gari halitoki Rapsu. Nilidhani ndege imeniacha! Mwambie mkwe wangu mimi sina maneno mengi. Popote atakaponipeleka, nitakwenda. Ila nina ombi moja: iwe treni. Tangu nizaliwe sijaiona."



"Mama Guyo," koti likasema. "Yule wa chumba cha nyuma ni nani?"

Dahabo alitazama chini.

"Hakuna mtu, Baba Guyo. Nilipokuwa Dahabo ulinikatalia. Ikabidi niwe Mama."